Nusu Dakika kwa Juma

Mrija mia nne kumi na saba hauna jina.
Ndivyo tulivyokubaliana na kamati:
damu iingie maabara bila ukoo, bila mtaa,
ibebe tarehe tu na kibandiko cheupe.

Lakini mkono ule niliufunga mpira mimi mwenyewe,
Jumatatu ya Julai, Ngara, manyunyu nje
na baridi ile inayoficha mishipa.
Nilimwomba akunje ngumi, afungue, akunje tena.
Akacheka: "Vidole hivi, binti,
vimezoea kushika vitu visivyoonekana."
Kuzunguka jicho lake la kulia palikuwa na duara,
alama ya lenzi.

Kaloki, fundi saa, River Road, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe.
Kisukari anacho mwaka wa kumi na moja.
Mkojo wake safi. Krietinini yake safi.
Kwenye kadi daktari kaandika: Sawa.

Sawa.
Neno hilo nalijua. Waliliandika kwenye kadi ya mama
kila miezi mitatu, sawa, sawa,
hadi asubuhi moja viatu vilipoikataa miguu
na uso ukaamka umeumuka
kama donge la mandazi lililosahauliwa.
Figo zina wapagazi wasiolalamika:
mmoja akianguka njiani, mwenzake hubeba miwili,
na kipimo cha kale huhesabu mizigo,
hakihesabu wapagazi.

Ndiyo maana nipo hapa saa tatu usiku,
stima imepotea mara mbili, jenereta inakohoa uani,
mashine inaizungusha damu mpaka ijitenge,
wekundu chini, na juu
maji ya rangi ya mafuta ya simsim.
Humo tunawinda protini moja ndogo.
Jina lake herufi tatu na nambari,
haina methali, haina kitendawili.
Huvuja kutoka kwenye figo iliyoanza kuungua
kabla moshi haujafika paani.

Tarakimu zikatoka. Mia nne kumi na saba
iko juu ya mstari. Si mbali. Kidole kimoja.
Nikarudia. Nikabadilisha kisahani, nikarudia.
Palepale.

Utaratibu unasema: hiki bado ni utafiti,
si hukumu wala si cheti. Mtu wa maabara
hafungui kinywa, nami nilitia sahihi.
Huenda miaka mitano ijayo protini hii
tutaiona ni jirani mwenye fitina tu.
Nilimwandikia daktari. Akajibu: kikao cha Septemba.
Mbona basi sikulala?

Alhamisi nikavuka Globe kwa miguu,
nikapanda ngazi zile zenye harufu ya mbolea.
Ukuta mzima ulikuwa unagonga,
saa arobaini, kila moja na ukweli wake.
Nikatoa saa ya mama, nikadanganya ina kasoro.
Akaiweka sikioni kabla ya kuifungua.
"Hii nzima," akasema. "Umefuata nini?"

Nilisema: nenda kliniki wiki hii, usingoje Oktoba.
Wapime presha. Wavitazame vidonge upya.
Uliza juu ya figo, uliza mara mbili.
Zaidi ya hapo ulimi niliuma.

Akakaa kimya muda wa mapigo mengi.
"Saa haisimami ghafla," akasema.
"Huanza kuchelewa, nusu dakika kwa juma.
Mwenyewe huilaumu redio."
Halafu, bila kuniangalia: "Imeanza?"

Nilitazama ukutani.

Hakunitoza chochote.
Ila kabla ya kunirudishia saa ya mama
aliisogeza mbele sekunde kumi na mbili,
akavua lenzi, akaipangusa kwa shati,
akanyoosha mkono kuchukua kabuti.